Makuta ya banki, kura za wasenateri



Tarehe 13 Mei 2009, kule Washington, Senati ya Marekani ilipiga kura juu ya jambo rahisi: banki isikate riba ya kupita 15% kwa mwaka kwenye karte ya mkopo. Senateri Bernie Sanders njo alileta pendekezo hilo. Waliosema ndiyo walikuwa 33. Waliosema hapana, 60.

Msikimbilie kusema ni Warepublican tu. Siku ile walikuwa 40 katika Senati nzima. Fanyeni hesabu: hata kama wote walikataa, kura zingine 20 zilitoka upande wa Wademokrat, wale wanaojiita watetezi wa mfanyakazi.

Karte tunayoisema hapa si ile ya kutoa makuta yako mwenyewe kwenye mashine. Hii ni deni. Unanunua leo, banki inalipa, na usipomaliza kurudisha, riba inapanda juu ya riba. Huku kwetu mwalimu na askari wanaijua kwa jina la bank lambert. Ya kwetu inakata zaidi, ndiyo, ila ile yao imevaa kravati.

Na kuko kitu kinauma zaidi. Miezi saba tu mbele ya ile kura, Oktoba 2008, Kongresi ilikubali dola miliari 700 za walipakodi kuokoa mabanki. Mwananchi aliokoa banki. Banki ilipoombwa kumupunguzia mwananchi, wakubwa wakasema hapana.

Je, walinunuliwa? Hatusemi hivyo, juu hatuna ushahidi, na sisi hatupendi kupakaza mtu. Tangu 1907 sheria ya Marekani inakataza kampuni kumupa mgombea wa Kongresi makuta moja kwa moja. Lakini mlango wa nyuma uko wazi. Wakubwa wa banki wanachanga kama watu binafsi, na banki inaunda mfuko wa kisiasa ambao unaweza kutoa dola 5,000 kwa mgombea mmoja, kwa kila uchaguzi. Wanaopendwa zaidi ni wale wanaokaa katika komisyo ya mambo ya banki. Ajabu hiyo!

Mtu atajibu: banki inachangia tu wale ambao tayari wanawaza kama yeye. Inawezekana. Kwa mama anayelipa ile riba, tofauti iko wapi? Senateri Dick Durbin, namba mbili wa Wademokrat katika Senati wakati ule, alisema mwenyewe kwenye redio mwezi wa Aprili 2009 kwamba mabanki njo wenye nyumba pale.

Hawakuwa hivyo siku zote. Mwaka 1991 Senati hiyohiyo ilikubali mpaka wa 14%, kura 74 kwa 19. Bei za hisa za mabanki zikaanguka, wakubwa wakaogopa, pendekezo likafia njiani.

Mabanki yanasema: mkiweka mpaka, maskini atakosa karte. Sisi hatukubali haraka hivyo. Koopeki za kule, zile zinazofuata sheria ya taifa, haziruhusiwi kupita 18%, na zinaendelea kutoa karte kwa wanamemba wao. Na mwaka 2006 Kongresi iliwawekea askari wake mpaka wa 36% kwa mikopo ya namna fulani. Kumbe wakitaka, wanaweza.

Juu ya nini tunaandika hii kutoka Kongo? Juu ya kitu kimoja ambacho Waamerika wako nacho: jina la kila senateri na kura yake limeandikwa, na makuta aliyopewa yameandikwa pia. Kijana yeyote anaweza kuweka karatasi mbili pembeni na kusoma. Ile 33 kwa 60 tunaijua kwa njia hiyo.

Sasa vakansi ya bunge ikifika, mbunge wako atarudi kukusalimia. Umuulize mambo mawili, mbele ya watu: sheria ile ya mwisho ulipiga kura gani? Na zile t-shirt, ile bia, ile mafuta ya motari wa kampanye, nani alilipa?

Akijibu, andikeni jibu na mutuletee. Akikataa kujibu, mulete hilo pia.