Bati haifundishi mtoto

Ndugu wachimbaji, nanyi mama wa nyumba zetu, kila Septemba hapa Shabunda maneno ni ile ile: masomo gani iko muzuri? Mmoja anasema ya Wakatoliki, mwengine ya Waprotestanti, mwengine ya Wakimbangu. Tunabishana sawa vile ni timu za mpira. Lakini zote hizo ni za Serikali: tangu mkataba wa 1977, makanisa yanaongoza, Serikali ndiyo inapaswa kulipa mushahara.

Mimi niko na watoto wawili, kila mmoja na masomo yake, majina sitaandika. Ya kwanza iko na matofali na bati mupya. Ya pili ni miti na majani, mvua ikinyesha watoto wanarudi nyumbani. Nilijisifu juu ya ile ya bati. Kisha siku moja nikafungua madaftari. Ya mtoto wa bati: tupu tangu siku ya pili. Ya mtoto wa majani: kila siku kazi, na biki nyekundu ya mwalimu.

Nikaenda kuuliza. Kule kwa majani, walimu wote wako mu listi ya mushahara. Kule kwa bati, mwalimu wa darasa la ine ni N.U., anafundisha lakini Serikali haimulipi. Basi katikati ya juma anashuka mu shimo sawa sisi. Nilimukuta kule na beshi mukononi. Hakuniangalia. Haya ilinishika mimi kumupita yeye.

Katiba ya 2006, artikle 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ni bure mu masomo za Serikali. Ikaanza kufuatwa kwa kweli mu 2019, na mimi nilifurahi: watoto waliokuwa wanaosha mchanga walirudia darasa. Lakini ile pesa ya wazazi ndiyo ilikuwa inalisha ma N.U. Kuikata mbele ya kuwaandika ni kuondoa miti inayozuia udongo mu shimo. Nani kati yetu hajui kinachofuata?

Wenzetu wengine wanasema: tutoe kitu kidogo, kimya kimya. Ninawaelewa, ila sikubali. Mwenye shimo yake haitoe kitu atalipa nini? Mtoto wake ndiye atafukuzwa wa kwanza.

Tuulize kwengine. Sheria ya madini ya 2018 inaachia chefferie, kwetu Bakisi na Wakabango, 15% ya redevance ya madini. Kama iko, imefanya nini ku masomo? Na mukutano wa wazazi ukiitwa, tusiache wamama peke yao. Tuulize direkteri mbele ya wote: walimu ni wangapi, wangapi wanalipwa, dosie za wengine zimefika wapi? Tuandike majibu, tutie sinyatire, tupeleke ku sous-division.

Siku hiyo mimi sitashuka mu shimo.