Paka wa Nyumba Haingwa



Barua tunayoijibu wiki hii imetoka Nairobi, kwa dada yetu akaaye Kawangware pamoja na mumewe, watoto watatu na mama mkwe wake, katika vyumba viwili vidogo vya mabati. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa akiandika riwaya katika madaftari ya shule, baada ya Isha, watoto wakiisha kulala. Riwaya yenyewe yahusu maisha ya bibi yake, Mnubi wa Makina, Kibera. Mwenziwe wa pekee saa hizo ni paka wa kike aliyemwokota akiwa mtoto katika kifusi cha nyumba zilizobomolewa Kibera mwaka 2018. Paka huyo hujilaza juu ya daftari lililokwisha kujaa, akamtazama mwandishi hadi taa izimwe.

Sasa mama mkwe amechoshwa na vyote viwili. Asema kuwa paka ni najisi katika nyumba ya watu wanaosali, na kuwa mke mwenye watoto hana ruhusa ya kupoteza usiku kwa hadithi za uongo. Ametaka paka atupwe sokoni na madaftari yawashiwe jiko. Dada auliza: "Nimtii katika lipi, na nishike lipi?"

Tuanze na paka, kwani jambo lake li wazi zaidi. Imepokewa na Maimamu Malik, Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyeolewa na mwana wa sahaba Abu Qatada, alimmiminia baba mkwe wake maji ya kutawadhia. Akaja paka, akataka kunywa. Abu Qatada hakumfukuza. Alikiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Alipomwona mkaza mwana wake akimtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Basi hukumu hii imetufikia kupitia mazungumzo ya mkwe na mkaza mwana ndani ya nyumba, juu ya chombo cha maji. Sioni mlango ulio mwema zaidi wa kuanzia maneno na mama mkwe wako kuliko huo. Msimulie kwa upole, wala usimsomee kama hakimu asomaye hukumu.

Sote twamjua pia Abu Hurayra, ambaye lakabu yake yamaanisha baba wa kipaka, kwa kuwa alikuwa na paka mdogo aliyekuwa akitembea naye. Kutoka kwake zimepokewa hadithi zaidi ya 5,000, na hakuna sahaba aliyepokewa nyingi kuliko yeye. Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Paka aliyezoea mkono wa mtu, akitupwa sokoni katikati ya mbwa na magari, hali yake haiko mbali sana na hiyo. Wazee wetu wa pwani walisema paka wa nyumba haingwa: aliyekwisha kuwa wa nyumbani hafukuzwi kama mgeni asiyetakiwa.

Hata hivyo, mama mkwe naye ana haki yake, na usafi ni haki ya kila asaliye katika nyumba hiyo. Mate ya paka si najisi, lakini kinyesi chake na mkojo wake ni najisi. Mwekee sanduku la mchanga mbali na mswala na vyombo, na lisafishwe kila siku. Usafi wa kila siku una faida ya afya pia. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, navyo havianzi kuambukiza mpaka ipite angalau siku moja. Mwenye mimba asilishike sanduku hilo, bali amwachie mumewe au mtoto mkubwa, kwa kuwa vimelea hivyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Kuhusu kumfunga uzazi, wapo wanazuoni wa zama zetu walioruhusu pale penye haja na pasipo madhara kwa mnyama. Muulize sheikh wa msikiti wako. Haja hiyo si ndogo. Mwandishi Doris Lessing, aliyekulia shambani katika nchi iitwayo leo Zimbabwe na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2007, ameeleza katika kitabu chake cha paka cha mwaka 1967 jinsi paka walivyoachwa wakazaana nyumbani kwao, hata mwisho baba yake akalazimika kuwaua kwa bunduki. Huruma isiyo na mpango huishia katika ukatili.

Sasa tuje kwenye madaftari. Mama mkwe ameyaita hadithi za uongo, nasi tusiyapuuze maneno yake, kwani ulimi na kalamu vyote vitaulizwa. Lakini uongo ni kusema lisilokuwa kwa nia ya kumfanya mtu aamini kuwa limekuwa. Asomaye riwaya ajua tangu ukurasa wa kwanza kuwa watu wake wamebuniwa, naye hutafuta mafunzo. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa hamsini vya mtu wa kubuni aitwaye Abu Zayd, na katika dibaji yake akajitetea kwa hoja ya namna hiyo, akitaja visa vya wanyama wasemao vilivyokubaliwa na watu kwa mafunzo yake. Wanazuoni walikisoma na kukifundisha kitabu chake kwa karne nyingi.

Wala kalamu si ngeni mikononi mwa mama wa nyumbani. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na umewafunza mabinti wengi wa pwani waliokuja baada yake. Mwaka 1987 Zainab Burhani alichapisha riwaya yake Mwisho wa Kosa. Wala asidhani mtu kuwa vitabu huandikwa na wenye nafasi tu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa karani na afisa wa serikali hadi alipostaafu mwaka 1971. Walitunga katika saa zilizobaki baada ya kazi. Saa moja baada ya Isha, ikishikwa kila usiku, yatosha kuzaa kitabu.

Kisha tazameni riwaya hii yahusu nini. Kibera ilianza kuwa makao ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga rasmi ardhi ile kwa ajili yao. Kwa miongo mingi waliishi bila hati, wakiitwa wageni katika nchi waliyozaliwa, mpaka mwaka 2017 jamii ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, matingatinga yalipita kufungua barabara, na makadirio ya wakati huo yalitaja watu wapatao 30,000 waliopoteza makao. Hati huandika ukubwa wa ardhi. Haiandiki ni nani alipika nini katika ua ule usiku wa Idi, wala mama aliwaambia nini wanawe nyumba ilipokuwa ikianguka. Hayo hubaki kwa bibi, na bibi akiondoka bila kuandikiwa, yameondoka naye. Kuyawashia jiko madaftari hayo ni kuibomoa nyumba hiyo mara ya pili.

Basi, dada yangu, jibu langu ni hili. Mtii mama mkwe katika usafi, katika sauti ya chini, na katika kutoiacha kazi ya nyumba ikamwelemea yeye. Usimtii katika kumtupa paka wala katika kuchoma madaftari. Lakini kukataa kwako kuwe kwa adabu, na mumeo ndiye aseme na mama yake, kwani hiyo ni kazi yake. Weka madaftari katika sanduku la bati lenye kufuli, mbali na mvua na panya, na kila daftari likijaa lipige picha kwa simu ukazihifadhi mahali pengine. Mwache paka alale juu ya sanduku; panya hawatalikaribia, na wewe utakuwa na mwenzio asiyekuuliza utamaliza lini.

Tena lipo moja la mwisho, nalo huenda likawa kubwa kuliko yote. Mama mkwe wako naye ni bibi wa mtu. Ana miaka yake, safari zake, na watu aliowazika. Usiku mmoja umpikie chai ya tangawizi, ufungue daftari jipya, umwombe akusimulie alivyofika Nairobi. Mzee aliyechoshwa na hadithi za wengine mara nyingi ni mzee ambaye hajaulizwa yake.

Mwenyezi Mungu azipe nafasi nyumba zetu ndogo, atutie huruma kwa kila anayetuzungukazunguka ndani yake, na aijaalie kalamu ya dada yetu iandike lililo la kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshallah.