MAMBO YA NYUMBANI: Chachu Iliyo Ndani ya Tumbo

Mwalimu mmoja wa hapa Nyegezi alitujia akauliza, “Je, ni kweli kwamba mtu alaye ugali wa mtama, kunde na mboga za majani hashikwi na virusi?” Alikuwa ameambiwa hivyo na mchuuzi wa unga sokoni. Swali lake ni jema, nasi twalijibu mbele ya wote, maana jibu lake lina pande mbili.

Kwanza tujue chakula hicho huenda wapi. Katika mtama, maharage na michembe mna nyuzinyuzi ambazo tumbo la mwanadamu haliwezi kuzisaga. Hushuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wasiohesabika huzichachusha, kama togwa ichachukavyo mtungini. Hapo hutoka asidi ndogo tatu za jamii ya mafuta, nazo ni aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula cha chembe hai za ukuta wa utumbo, nazo huila karibu yote, hata kidogo tu hupita katika damu.

Aliyetufundisha sana kuthamini nyuzinyuzi ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji, Mkristo mcha Mungu, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966. Huyo ndiye aliyeandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya uuao watoto wetu wa Afrika. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein na wenzake walikiona kirusi katika chembe za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Kirusi hicho huenea kwa mate. Watu wengi sana wanacho tangu utoto, nacho hulala kimya bila kuwadhuru.

Basi, angalieni jambo la ajabu. Mwaka 1979 wataalamu walitia butireti katika chembe za namna hiyo ndani ya vyombo vya maabara, na kirusi kilicholala kikaamka, kikaanza kuzaana. Sababu yake ni hii: maagizo ya chembe yameandikwa katika uzi mrefu uliokazwa sana, na butireti huulegeza. Yaliyofungwa husomeka, hata maagizo ya kirusi. Tena mwaka 2020, huko Marekani, ilionekana kwamba butireti hupunguza baadhi ya silaha ambazo chembe za binadamu hutumia kupigana na virusi, hata virusi vya mafua vikazidi.

Lakini katika panya mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2018, wale waliolishwa nyuzinyuzi nyingi walistahimili mafua kuliko wenzao. Asidi ni zile zile; mahali na kipimo ndivyo vinavyotofautiana. Nanyi mwajua kwamba Bwana wetu aliufananisha ufalme wa Mungu na chachu, na mahali pengine akawaonya wanafunzi wake wajihadhari na chachu ya Mafarisayo.

Kwa hiyo tusiogope ugali wetu. Yaliyoonekana katika chombo cha maabara hayamwambii mtu aache maharage. Wala tusimsadiki mchuuzi, maana hakuna unga umkingao mtu na virusi vyote. Chakula chema huujenga mwili. Hakishiki mahali pa chanjo wala pa daktari.

Na hili ndilo twataka mlishike kuliko yote. Mtoto akivimba taya, meno yake yakalegea, au tumbo likavimba bila sababu, msikae mkisema ni jino bovu, wala msipoteze wiki kwa dawa za kuchanja na kuchua. Uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini dawa za hospitali huushinda mara nyingi, mtoto akifikishwa mapema, na Bugando iko karibu nasi. Tena mlazeni mtoto ndani ya chandarua kila usiku, kwa kuwa malaria ya mara kwa mara huusaidia uvimbe huo kuzuka.

Walimu, someni habari hizi mbele ya wazazi. Mama asiyejua kusoma naye ana mtoto.