Safari za Raga na Washairi Walioachwa Njiani

Kusafiri ni jambo moja, na kuchukuliwa ni jambo jingine. Maelfu ya watu wa New Zealand walioiandama timu yao hadi Ulaya mwaka 2007, katika Kombe la Dunia la raga, waliitwa wasafiri, na fedha waliyoilipa ilikuwa fedha ya msafiri hasa. Lakini wengi wao walichukuliwa tu. Walitolewa hotelini wakatiwa basini, wakatolewa basini wakatiwa uwanjani, na usiku wakarejeshwa walikotoka, wakiwa wamezungukwa na majirani zao wale wale wa nyumbani. Biashara inayouza safari za namna hii imewadhulumu watu hao, na imeudhulumu pia ushairi, ambao ndio ulioupa mchezo wao sauti unayojivunia.

Wachukuliwe kwa mfano mume na mke, watu wazima, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, nao wamejibana miaka mingi ili walipe safari nzima kwa mkupuo mmoja. Ratiba yao iliandikwa kabla hawajafunga mizigo. Tarehe 8 Septemba, Marseille, dhidi ya Italia. Tarehe 15, Lyon, ambako Ureno ilifungwa pointi 108 kwa 13. Tarehe 23, Edinburgh, dhidi ya Uskoti, siku ambayo jezi za timu mbili zilikaribiana rangi hata mtazamaji akataabika kujua nani ni nani. Tarehe 29, Toulouse, dhidi ya Romania. Miji minne kwa wiki tatu, na katika kila mji kinachokumbukwa ni idadi ya pointi.

Marseille ni bandari ambayo msomaji wa visiwa hivi hana haja ya kuelezwa sana. Huko ndiko kulikohamia Wangazija wengi kuliko karibu pahala pengine popote nje ya visiwa vyao. Lugha iliyo ndugu ya Kiswahili husikika sokoni na vibarazani, na arusi kubwa ya Ngazija huchangiwa fedha kutoka vitongoji vya mji ule. Mume na mke wale walilala hapo na wakaondoka. Hakuna aliyewaambia kwamba mji una watu wengine zaidi ya waliovaa jezi.

Lakini dhulma kubwa ilitendeka Toulouse. Mji huo ni ngome ya raga ya Ufaransa, na kila kijitabu cha safari hulisema hilo. Kisichosemwa ni kwamba mwaka 1323 watu saba wa mji huo walikutana wakaunda baraza la kuuhifadhi utunzi wa lugha yao ya Kioksitani, wakaandika barua ya mwaliko, nayo barua yenyewe waliitunga kwa mashairi, wakaipeleka kwa watunzi wa nchi ile waje washindane. Mwezi wa Mei 1324 mshindi wa kwanza, Arnaut Vidal wa Castelnaudary, alitunukiwa ua la dhahabu. Baraza hilo liligeuzwa akademia kwa amri ya mfalme mwaka 1694, Kifaransa kikakalia kiti cha Kioksitani, lakini mashindano yenyewe hayajafa hata leo. Mji unaopenda kushindana kwa mabega ndio huo huo ulioshindana kwa vina zaidi ya karne tano kabla raga haijawa mchezo wenye sheria. Mtu atokaye upande wa pili wa dunia akalala Toulouse, akaondoka bila ya kudokezwa hilo, ameuziwa nusu ya mji kwa bei ya mji mzima.

Wauza safari watajibu, na jibu lao linajulikana: mteja amelipia raga, kwa nini alishwe mashairi? Jibu hilo lingekuwa na uzito lau raga yenyewe isingekuwa imeshiba mashairi. Haka ya “Ka Mate”, ambayo mashabiki hao huingojea kwa moyo wa kudunda, ni utungo wenye mtunzi. Te Rauparaha, mkuu wa Ngāti Toa, aliutunga yapata mwaka 1820 baada ya kuwakimbia maadui na kufichwa ndani ya shimo la kuhifadhia viazi vitamu, na mwanamke, Te Rangikoaea, akaketi juu ya mdomo wa shimo. Ni utungo wa mtu aliyedhani amekufa akajikuta yu hai, akautoka kiza kuliendea jua. Unauzwa kwenye fulana na vikombe kana kwamba ni kelele ya kutisha watoto. Ngāti Toa walidai haki yao muda mrefu, hata Bunge la New Zealand likapitisha mwaka 2014 sheria inayotaka Te Rauparaha atajwe pale utungo wake unapochapishwa kwa biashara au kuwekwa katika filamu ya kuonyeshwa hadharani. Uchezaji wake uwanjani sheria haikuugusa. Basi shabiki aweza kuisikia haka hiyo katika miji mitano asilisikie jina la mwenyewe hata mara moja.

Tena utungo huo uliwahi kujibiwa, na kujibiwa kwa staha. Tarehe 16 Desemba 1905, mjini Cardiff, wachezaji wa New Zealand walipomaliza haka, Teddy Morgan wa Wales alianzisha wimbo wa taifa lao, uliotungwa mwaka 1856 na baba na mwana, wafumaji wa Pontypridd, na uwanja mzima ukaupokea. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina lake: ni malumbano, mmoja akatoa na mwenzake akapokea. Wales walishinda 3 kwa 0, na kuna bao la New Zealand lililokataliwa siku ile ambalo linabishaniwa mpaka leo, wabishane. La kusikitisha ni lililotokea Novemba 2006 mjini humo humo. Wenyeji walitaka wimbo wao uifuate haka kama ulivyoifuata 1905, wageni wakakataa, wakaichezea haka yao katika chumba cha kubadilishia nguo, mashabiki wakiwa nje. Wale waliojibizana kwa ushairi sasa walikuwa wakigombania zamu mbele ya kamera.

Wala wapenda mashairi wasijitoe lawamani. Wapo wanaomdharau shabiki wa raga kwa kelele zake na bia yake, wakamwona hana sikio. Watu elfu sabini wanaoimba bila karatasi mkononi ni hadhira ambayo hakuna mshairi wa kitabuni aliyewahi kuipata. Anayewacheka hajawahi kuwasikia Wales wakiimba.

Mume na mke wale walifika Cardiff tarehe 6 Oktoba 2007. Ufaransa ikashinda 20 kwa 18, na timu yao ikarudi nyumbani kutoka robo fainali, wao wakabaki Ulaya na tiketi ya fainali ya tarehe 20 mjini Paris, ambayo ingechezwa na wengine. Kuna waliouza tiketi zao. Kijitabu cha safari hakikuwa na ukurasa wa kushindwa. Mwaka 2023 mashindano yalirudi Ufaransa, timu ile ile ikachezea tena Lyon na Toulouse, na safari zikauzwa kwa mtindo ule ule.

Watalii wa raga hupenda kulizuru kaburi la Dave Gallaher, nahodha wa mchezo ule wa 1905, aliyeuawa vitani Ubelgiji tarehe 4 Oktoba 1917 na kuzikwa Poperinge. Ni jambo jema. Lakini si mbali na hapo, Boezinge, amelala Ellis Humphrey Evans, mchunga kondoo wa Wales aliyejiita Hedd Wyn, aliyeuawa katika mapigano hayo hayo tarehe 31 Julai. Utungo wake ulishinda katika tamasha kuu la washairi wa Wales mwezi wa Septemba. Jina la bandia la mshindi likaitwa, hakusimama mtu, na kiti cha ushindi kikafunikwa kitambaa cheusi. Aliyekichonga ni mkimbizi wa Kibelgiji. Kiti hicho kimehifadhiwa nyumbani kwao Trawsfynydd, na wageni hupokewa. Kutoka Cardiff ni mwendo wa chini ya siku moja kwa gari, na mume na mke wale walikuwa na siku 14.