Glavu za Bwana na Viganja vya Kijana

Na Mkaa Baraza

Yako mambo ambayo mtu mzima huyaona akayameza, na yako mengine ambayo hata akiyashushia maji ya dafu hukataa kuteremka. Na hili la wiki hii, lililonikuta katika kituo kimoja cha mafuta hapa Tanga, jua la adhuhuri likiwa utosini, ni la namna hiyo ya pili.

Lilikuwapo gari jeusi, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinanguruma, na ndani yake ameketi bwana mmoja wa makamo aliyevaa glavu za ngozi laini, zenye matundu juu ya vifundo vya vidole, mfano wa zile walizovaa mabwana wa Uingereza zama ambazo magari hayakuwa na paa na usukani ulikuwa mti mtupu, ukiteleza kwa jasho na kuuma kwa baridi. Usukani wa bwana wetu umekwisha kuvishwa ngozi kiwandani. Basi ngozi ilikuwa imeshika ngozi, hewa baridi ikizipulizia zote mbili, na mwenyewe ametulia kwa taadhima kama Liwali anayengojea mizinga. Simu yake ikalia. Akaigusa kwa kidole kilichovikwa, isisikie. Akaigusa tena, isisikie. Hata mwisho akaing’ata ncha ya glavu kwa meno, akauchomoa mkono, akajibu. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Nyuma yake, akingoja zamu ya petroli, alikuwapo kijana wa bodaboda juu ya Boxer yake, kofia ngumu kichwani bighairi ya kufungwa ukanda, jaketi zito amelivaa nyuma mbele kama ilivyo ada yao, na mkono wa kulia umezongwa kipande cha kanga kuukuu. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamwuliza kulikoni. Akakifungua kile kitambaa: kiganja chote, tangu shina la kidole gumba hata upande wa pili, kimechunika, chekundu, kinatoka majimaji, na ndani yake zimebaki chembe nyeusi za kokoto. Hakugongwa na mtu wala hakuwa mbioni. Aliteleza juu ya mchanga, penye kona.

“Mbona hukuvaa glavu, mwanangu?”

“Mzee, na joto hili? Halafu chenji nitaihesabu vipi? Na kijiweni si wataniita bwana harusi!”

Hapo yule bwana, simu imekwisha, akateremsha kioo nusu, akamnyoshea kijana kidole, nacho kilikuwa kile cha mkono uliosalia na glavu, akamkaripia: “Nyinyi vijana hamjali maisha yenu! Funga ukanda wa kofia!” Nasaha ya haki, siikatai. Lakini ghadhabu iliyonipanda haikushuka mpaka nilipofika nyumbani, na pengine haijashuka bado.

Nasema waziwazi, na atakaye kuniandikia barua na aandike (nawajua, nyinyi wa Chumbageni, ambao kila niitajapo Vespa yangu hunikumbusha kwamba husukumwa zaidi kuliko inavyoendeshwa): glavu ndani ya gari la vioo vilivyofungwa ni pambo, na juu ya pikipiki ni vazi la faradhi. Nawatoa katika hukumu hii mabibi wanaozivaa kwa stara, au kwa kuikinga mikono na jua. Hao wana sababu zao, na mimi si kadhi.

Mwanadamu akianguka hutanguliza mikono, wala hakufundishwa na mtu. Sheria yetu imekikumbuka kichwa, na imefanya vyema; Wafaransa wakavikumbuka na viganja, wakamlazimisha dereva wa pikipiki na abiria wake kuvaa glavu tangu Novemba 2016. Sisemi kwamba glavu itauzuia mfupa wa kifundo usivunjike. Huiokoa ngozi, na asiyeweza kushika klachi, kwa kazi ile, hali. Wanaopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto wanayo sababu ya ziada, kwani asubuhi za Juni na Julai vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kuifikia breki. Kuhusu joto, ngozi nyembamba ya mbuzi yenye matundu mgongoni hupitisha hewa. Chenji, abiria na angoje. Na mzaha wa kijiweni haumchubui mtu. Mimi mwenyewe zangu nilipozileta nyumbani, Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, ambaye wasomaji wa safu hii hawahitaji kutajiwa jina lake, aliniuliza kama hatimaye nimeazimia kuosha vyombo. Nilizivaa hivyo hivyo.

Ila msiende mitumbani mkaokota zile za sufu walizovaa Wazungu thelujini, kwa kuwa huteleza penye mkono wa mafuta na hupasuka mara ziigusapo lami. Tafuta za ngozi, zilizoshonwa mara mbili kiganjani, zenye mkanda wa kufunga kifundoni. Vaa moja, funga mkanda, kisha mwambie muuzaji aivute kwa nguvu kwenye vidole. Ikichomoka, mwachie mwenyewe.