60 jumlisha 10 ni 60

Kwenye kozi ya upimaji na tathmini tumefika kwenye kukadiria alama. Nikasema ngoja nitafute mfano wa nje ya darasa, nikakutana na fidia ya maveterani wa Marekani. Jamani, hasira niliyopata!

Wale wanalipwa kwa asilimia ya ulemavu. Moyo unapimwa kwa METs, ambapo 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyekaa kimya. Dalili za moyo kushindwa kazi zikianza kati ya 3.1 na 5, yaani kama kutembea harakaharaka tu, unapewa 60%. Kovu moja au mawili yanayouma ni 10%. Matatu au manne, 20%.

Sasa mchukue mzee aliyepigana Vietnam. Tangu 2010, ugonjwa wa moyo wa kuziba mishipa umo kwenye orodha ya magonjwa yanayohesabiwa kuwa yametokana na Agent Orange, ile sumu ya kuua mimea. Kafanyiwa baipasi: kifua kimepasuliwa, mshipa wa kupandikiza umetolewa mguuni. Makovu mawili, yote yanauma. Moyo 60, makovu 10. Wewe utasema 70, si ndiyo?

Thubutu! Ile 10% inatolewa kwenye 40 iliyobaki, inakuwa 4. Jumla 64. Halafu 64 inashushwa hadi 60! Makovu yameandikwa kwenye faili, kwenye malipo hayapo. Angekuwa na la tatu linalouma, ingekuwa 68, inapandishwa hadi 70. Kwa hiyo mzee aombe apasuliwe tena?

Watetezi wanasema hakuna mtu mwenye ulemavu zaidi ya 100%, kwa hiyo kila tatizo jipya likate kwenye kilichobaki. Sawa, hiyo ina mantiki. Lakini mantiki hiyo imeshaishusha 10 kuwa 4. Kuifuta na hiyo 4 kunahusiana nini na mwili wa mtu? Zamani labda makarani walihesabu kwa mkono. Leo kompyuta zipo, lipeni 64! Eti mwenye 65 anapandishwa hadi 70, hivyo mambo yanasawazika. Yanasawazika kwenye bajeti ya serikali, siyo kifuani kwa huyu mzee.

Nyie wa hesabu mnaobisha, baada ya kipindi nipo kantini. Njooni na kalamu.