Taa ya usalama isimnyime jirani usingizi

Katika kartie nyingi za Lubumbashi, jua likizama, taa kubwa zinawaka juu ya kuta za parsele. Wengi wanaziita projekta. Nyingi zinatumia nguvu ya jua, kwa hiyo hata umeme wa SNEL ukikatika, zenyewe zinawaka mpaka asubuhi. Mwenye nyumba analala kwa amani. Upande wa pili wa ukuta, jirani anageuka-geuka kitandani, maana chumbani mwake ni mchana saa saba za usiku.

Mwenye taa asilaumiwe haraka. Wakaaji wa Katuba, Ruashi na Annexe wanajua maana ya kuamshwa usiku na watu wenye silaha. Pale ambapo avenyu haina taa hata moja, kila familia imejifanyia ulinzi wake.

Lakini asiyelala naye ana haki. Gizani ndipo ubongo unatoa melatonini, homoni inayosaidia usingizi, na mwanga mkali mweupe unaipunguza. Mtoto asiyelala usiku anasinzia darasani. Pazia zito linasaidia kidogo, lakini chini ya mabati, na joto la mwezi wa Oktoba, nani ataweza kufunga dirisha? Katiba ya 2006 inaweka mambo haya mawili bega kwa bega: kifungu cha 52 kinawapa Wakongomani wote haki ya amani na usalama, na kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kimoja hakifuti kingine.

Tena, taa iliyoelekezwa vibaya hailindi vizuri. Ikipiga watu machoni, inawazuia kuona, na pembeni yake kunabaki kivuli kizito ambamo mwizi anaweza kusimama. Projekta iinamishwe chini, imulike mlango na uwanja wa mwenyewe. Kipande cha bati kilichokunjwa juu yake kinatosha kuzuia mwanga usivuke ukuta. Mwenye uwezo anunue ile inayowaka mtu akipita tu: hiyo inamshtua mwizi kuliko taa iliyozoeleka.

Asiyelala naye asirushe jiwe usiku. Aende mchana, asalimie kwanza, kisha aseme: « Papa, taa yenu inaingia mpaka mu chumba ya watoto. Mukuje mangaribi muone. » Mara nyingi mwenye taa hajui, kwa sababu yeye hajawahi kulala upande ule. Wasipoelewana, kuna shefu wa avenyu, kisha shefu wa kartie. Kukimbilia polisi kwa jambo la taa ni kununua uadui wa miaka.

Wakubwa wa mji na wa komini wasijifiche nyuma ya ugomvi huu. Kodi zinalipwa, avenyu ziwashwe na doria zipite, ili raia asilazimike kugeuza nyumba yake kuwa kambi.

Siku ambayo wezi watafika, taa haitapiga kelele. Watakaotoka na filimbi na sufuria ni majirani. Aliyewanyima usingizi miezi sita ataita nani?